Chenji anaijua, daftari linamkataa

Jumamosi asubuhi nilipanga foleni nyuma ya mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu, kwenye banda la maandazi. Andazi moja shilingi mia mbili. Katumwa maandazi saba, na mkononi ana noti ya elfu mbili. Muuzaji hajamaliza kufunga gazeti, mtoto keshanyosha kiganja: "Mama, chenji yangu mia sita."

Nikamuuliza kaijuaje. "Matano buku. Mawili mia nne. Inabaki mia sita."

Jioni nikamwandikia hesabu hiyohiyo daftarini: 2,000 kutoa 1,400. Akazipanga namba vizuri, akapiga mstari kwa rula, akajibu 1,400. Sifuri haitoshi kutolewa nne, basi kaigeuza: nne kutoa sifuri. Nikamwambia, "Umenunua vya buku na mia nne, ukarudishiwa buku na mia nne. Mama maandazi atapona?" Akacheka, akafuta.

Je, anajua kutoa au hajui? Inategemea umempimia wapi. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao juu ya watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazili. Kwenye biashara zao, watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Hesabu za aina hiyo zilipoletwa kama namba tupu, walipata asilimia 37.

Kwenye saa, sisi tuna mtego wetu wenyewe. Mshale mfupi uko kwenye 7, mrefu kwenye 12. Mtoto anasema saa moja, na yuko sahihi: Waswahili saa zao huanza na mapambazuko. Msahihishaji anayesubiri "saa saba" atamkosesha bure. Tena kusoma mishale ni nusu tu ya kazi. Muulize hivi: kengele ya shule inagongwa saa mbili kamili, na njiani unatumia dakika ishirini na tano; utoke nyumbani saa ngapi? Akijibu saa moja na dakika thelathini na tano, huyo saa anaijua.

Daftari haliepukiki. Hesabu ya kichwani inamtosha mwenye maandazi saba. Mwenye duka la jumla lazima aandike. Ila kosa la daftarini linarekebishika haraka likianzia kwenye kile ambacho mtoto tayari anakijua.

Mwalimu mwenye watoto themanini darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Akiwaita wanne kwa siku, akawapa sarafu na saa ya boksi mezani, wiki nne zitamtosha kuwamaliza wote.

Nawe mzazi, ukimtuma mwanao dukani, usiishie kuhesabu chenji aliyorudi nayo. Muulize kaipataje.