Kichekesho cha Masikio

Mcheshi wa jukwaani ana silaha nyingi: uso wake, kofia yake, hata mwendo wake. Lakini BBC ilipoanza kutangaza kwa simu ya upepo mjini London, Novemba 1922, silaha hizo zilimponyoka. Aliyesimama mbele ya chombo cha kunasa sauti hakuonekana na wasikilizaji wake, wala hakukisikia kicheko chao.

Basi ilimpasa kujifunza kazi upya. John Henry, mmoja wa wa kwanza kupata sifa, alitumia sauti ya unyonge kusimulia taabu zake na mkewe Blossom. Mwaka 1938 Arthur Askey na Richard Murdoch walijifanya wanakaa juu ya jumba la utangazaji pamoja na mbuzi. Watu wakamwona mbuzi huyo kwa masikio.

Mwaka 1939 ukaja mchezo wa ITMA, wake Tommy Handley. Mlango ulisikika ukifunguliwa, mtu akasema neno lake la kila juma, nawe ukamtambua kama umtambuavyo jirani kwa hodi yake. Vita vilipokuja, madirisha yakazibwa na miji ikawa giza, maneno hayo yakawa salamu baina ya watu.

Handley alifariki Januari 1949. Maelfu walisimama njiani kumsindikiza mtu waliyemjua zaidi kwa sauti. Kumbe sauti peke yake yaweza kuingia nyumbani mwa watu ikawa ndugu yao.