Maji Ndani ya Mwamba na Bili Yake

Handaki la reli la Hallandsås, kusini mwa Sweden, lina urefu wa kilomita 8.7 tu. Lilianza kuchimbwa mwaka 1992, likafunguliwa Desemba 2015. Makadirio ya awali yalikuwa kama krona bilioni 1. Bili ya mwisho ilipita bilioni 10. Kilichokula fedha hizo, zaidi ya yote, ni maji.

Mwamba mgumu wenyewe haupitishi maji. Zinazoyapitisha ni nyufa: ufa ukikutana na ufa mwenzake, mvua iliyonyesha juu ya kilima hupata njia ya kushuka. Hallandsås imejaa nyufa, na mahali pengine mwamba umeoza ukawa udongo. Wachimbaji walipoingia, visima vya wakulima vikaanza kukauka. Mkandarasi wa kwanza akaondoka. Wa pili alidunga Rhoca-Gil, kemikali ya kuziba yenye akrilamaidi, na sehemu yake haikuganda. Ikatoka na maji hadi kijitoni. Samaki wakafa, ng'ombe wakapooza, wafanyakazi wakaumia mishipa ya fahamu. Oktoba 1997 kazi ikasimama, ikakaa miaka.

Mwaka huohuo, huko Norwei, handaki la Romeriksporten lilinyonya maji ya ziwa dogo la Puttjern, msituni nje ya Oslo.

Dawa inajulikana, na ni ya kawaida kabisa: kabla ya kulipua, toboa mashimo marefu kuzunguka uso wa handaki, mita 20 au zaidi mbele, kisha sukuma humo saruji laini kwa shinikizo. Ukisubiri maji yatoke ndipo uzibe, utalipa mara kadhaa, maana kila tundu unalofunga huyasukuma maji kwenye tundu jingine.

Tatizo ni kwamba kuziba hula saa, na mkandarasi aliyefungwa kwa bei moja ya jumla huziona saa hizo kama hasara yake. Hapo ndipo Wanorwei wanastahili kuigwa. Katika zabuni zao nyingi, saruji hulipwa kwa kilo na mashimo kwa mita. Muda wa ziada huhesabiwa kwa viwango vilivyokubaliwa, na hatari ya mwamba hubebwa na mwenye mradi. Msimamizi akiona shimo la majaribio linabubujika, anaweza kusimamisha baruti bila kuwatia hasara waajiri wake.