Ranchi Kubwa Huhesabiwa kwa Mabirika

Anayefunga safari kwenda ranchi ya Anna Creek, kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini, kwa kawaida huwa amekwishasikia sifa za ukubwa wake. Kabla ya kumegwa mwaka 2016 ilikuwa na kilomita za mraba zinazokaribia 24,000, pungufu kidogo tu ya Rwanda nzima. Hata baada ya kumegwa, bado hutajwa kuwa ranchi kubwa kuliko zote duniani. Lakini takwimu hizo zinaweza kumpotosha mgeni. Akitaka kuielewa ranchi ya jangwani, aulize kwanza ina mabirika mangapi na maji yake yanatoka wapi.

Pembezoni mwa Ziwa Eyre, ambalo Waarabana, wenyeji wa nchi hiyo, huliita Kati Thanda, mvua ya mwaka mzima ni milimita 125 hivi. Siku ya joto kali ng'ombe mkubwa anaweza kunywa lita 80 na zaidi, na akienda mbali mno kutafuta majani anadhoofika kwa kurudi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya malisho huliwa ndani ya kilomita tano hadi kumi kutoka kwenye maji. Majani mazuri yaliyo kilomita 20 kutoka birikani hayana faida kwa ng'ombe yeyote. Karibu na birika, kwa upande mwingine, ardhi hubaki kipara kwa kukanyagwa na kuliwa kila siku. Meneja hodari hafurahii kuona ng'ombe wengi kwenye birika moja. Huongeza jingine, au huyafunga kwa zamu ili majani yapumzike.

Na maji yenyewe? Chini ya jangwa hilo kuna Bonde Kuu la Artesia, hazina ya maji yaliyonaswa kwenye miamba ya mchanga. Eneo lake ni kilomita za mraba milioni 1.7, zaidi ya moja ya tano ya bara zima. Mengi yake ni mvua iliyonyesha kwenye milima ya mashariki, ikazama, kisha ikasafiri polepole mno chini ya ardhi. Yale ya pembe za mbali yamekaa humo kwa mamia ya maelfu ya miaka. Shinikizo huyasukuma yenyewe hadi juu. Kwenye visima vingi hutoka ya moto kiasi cha kuunguza, ikabidi yapoozwe kabla ya mifugo kuyanywa.

Kwa miaka mingi visima hivyo viliachwa vikimwagika mchana na usiku kwenye mifereji ya wazi, na sehemu kubwa kabisa ya maji ikapotea kwa jua na mchanga. Shinikizo likashuka, na baadhi ya chemchemi zinazolishwa na maji hayo zikakauka. Tangu 1999 serikali na wafugaji wamegharamia kwa pamoja kuvifunga visima na kuyapitisha maji kwenye mabomba. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote zinazofanyika katika nchi ile, ingawa haina cha kupigia picha.

Chemchemi hizo ndizo zilizowaweka Waarabana hai kabla ya ng'ombe wa kwanza kufika. Waya wa telegrafu uliokamilika mwaka 1872 kuelekea Darwin ulizifuata, na reli nayo ikafuata. Mwaka 2012 Mahakama ya Shirikisho iliwatambua Waarabana kuwa wenye haki za jadi juu ya takriban kilomita za mraba 70,000 za nchi hiyo.

Kwetu mchungaji hutembea na kundi lake. Kule ng'ombe hukaa miezi bila kuona mtu, kisha hukusanywa mara moja au mbili kwa mwaka ili ndama wapigwe chapa na wa kuuza watengwe. Helikopta na pikipiki hufanya kazi hiyo, lakini ipo njia ya utulivu zaidi: birika huzungushiwa uzio wenye lango linalopitisha upande mmoja tu. Ng'ombe huingia kwa kiu, hunywa, na hana pa kutokea.

Kwa kuwa ng'ombe hutegemea birika, wageni huombwa wasipige kambi karibu nalo. Ng'ombe aliyetembea kilomita nane kuja kunywa akiona mahema na moto hugeuka, na joto la Januari, linaloweza kupita nyuzi 45, halimpi nafasi ya kusubiri. Afadhali kwenda kati ya Mei na Agosti. Hata hivyo mvua ikinyesha, barabara za udongo hufungwa, na mashimo na mabonde hujaa maji. Ng'ombe hawana haja tena ya birika. Hutawanyika kufuata majani mabichi, malango yale hayanasi kitu, na meneja hulazimika kukodi helikopta kwa bei ghali katika mwaka ule ule ambao malisho yamestawi.