Mpungate Usio na Jangwa

Mtu wa pwani ukimtajia mpungate, kinachomjia akilini ni miiba, mchanga na jua la utosi. Lau utamwambia kwamba upo mpungate usio na miiba, ukaao juu ya mti ndani ya msitu wa mvua, atadhani unamfanyia mzaha.

Lakini upo, ndugu msomaji. Wataalamu huuita Rhipsalis baccifera. Ukifika Buyangu, kaskazini mwa Msitu wa Kakamega, ambako mvua hunyesha kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, inua macho utazame matawi ya miti mikongwe. Vitawi vyake ni vyembamba kama kamba, vinaning'inia mfano wa ndevu za mzee. Tunda lake ni dogo, jeupe kama lulu. Ndege hulila, na mbegu zenye ulimbo hunasa tawini zikaota. Haunyonyi mti; umepanga tu, hunywa mvua na kula uchafu wa majani yaliyooza.

Ajabu yake ni hii: jamaa zake, aina zaidi ya 1,000, asili yao ni Amerika. Huu pekee ndio uotao wenyewe pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Umefikaje? Wako wasemao ndege, wako wasemao mabaharia, shauri halijakatika.

Ule wa miiba uliletwa na watu, na huko Laikipia umegeuka balaa: umemeza malisho na kujeruhi vinywa vya mifugo. Mgeni tuliyemkaribisha ametutawala. Mwenyeji hatumjui hata jina.

Mwenyeji huyu hana adui ila shoka. Mapatano ya dunia yanazuia kuuza nje mimea ya ukoo wake bila kibali, lakini kibali hakimzuii mchoma makaa. Buyangu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, chini ya ulinzi wa serikali, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mti mkongwe ukiangushwa kwa kuni au mbao, mpangaji wake huanguka nao. Na mche upandwao leo utahitaji miaka mingi kabla gome lake halijakomaa la kumpokea mgeni.

Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Apendaye mpungate huu, basi, na aupende mti ulioubeba.