Kiungo Kikivimba, Usiseme ni Baridi Tu

Watu wengi wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru wakiumwa magoti au vidole husema, "Ni baridi." Hujichua mafuta na kungoja. Ni kweli kwamba baridi huweza kuzidisha maumivu. Lakini baridi siyo inayoharibu kiungo. Tuangalie ndani.

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Ndani ya goti mna ute kidogo. Ute huu hulainisha kiungo kama grisi kwenye baiskeli. Hutengenezwa na utando mwembamba uliozunguka kiungo.

Mtu akipata ugonjwa wa baridi yabisi, kinga ya mwili wake hukosea. Badala ya kupigana na vijidudu tu, huushambulia pia utando huo. Ute huongezeka, kiungo huvimba. Mwili pia hutoa vichocheo vya ukuaji. Vichocheo hivi ni kama mbolea. Kidonda hupona kwa msaada wake. Lakini vikizidi ndani ya kiungo huotesha mishipa mingi ya damu. Utando hunenepa kama magugu, na polepole hula mfupa. Wataalamu wamevipima na kuviona vimezidi katika ute na hata katika damu ya wagonjwa. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye goti tu. Umo mwilini mote.

Huku Meru kuna jambo jingine. Maji ya baadhi ya mito na chemchemi, kama sehemu za Maji ya Chai na Ngurdoto, yana floridi nyingi. Floridi hufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Ukiinywa miaka mingi huingia mifupani. Mgongo na viungo hukakamaa na kuuma. Kuchemsha maji hakuondoi floridi.

Je, ufanye nini?

1. Viungo vikivimba, au vikikakamaa kila asubuhi kwa saa 1 au zaidi, nenda kituo cha afya mapema. Dawa za kuzuia ugonjwa zipo, lakini mfupa ulioliwa haurudi.

2. Mweleze mganga maji unayokunywa. Anaweza kupima damu, au kuagiza ute uvutwe kwa sindano.

3. Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo. Huenda kina usaha.

4. Usinunue vidonge dukani kabla ya kupimwa.

Kiungo kizima ndicho kinachoshika jembe. Kitunze.