Were wa Uani na Were wa Nyikani

Mwanafunzi anayetafsiri masimulizi ya Wapadhola wa Kisoko, wilayani Tororo, hukutana na neno Were. Kwa haraka huandika “Mungu” na kuendelea. Je, tafsiri hiyo inatosha?

Katika imani yao ya jadi, Were alijulikana kwa sura mbili. Were Madiodipo, yaani wa uani, alilinda boma na waliomo. Were Othim, yaani wa nyikani, aliwaongoza wawindaji, wasafiri na wapiganaji. Ulimwengu uligawanyika palepale ua ulipokoma.

Ng’ambo ya mpaka, nchini Kenya, Wabukusu humwita Muumba Wele. Kipadhola ni lugha ya Kiniloti na Kibukusu ni ya Kibantu, lakini majina haya yanakaribiana sana. Hata hivyo, Wabukusu waligawa kwa namna nyingine: Wele Omuwanga ndiye mwema, na Wele Gumali, yule mweusi, ndiye mleta maafa.

Tukiandika “Mungu” kila mahali, migawanyo yote miwili inafutika. Tukimwita Gumali “Shetani”, tunaingiza imani ya kwingine. Ni afadhali mfasiri aliache jina lilivyo, kisha alieleze mara moja: “Were wa nyikani, mlinzi wa wasafiri.”