Mnaopika busaa pamoja, jihadharini na spiriti

Ikiwa wewe na jirani zako mmeungana kupika busaa, kumbukeni kwamba kosa la mmoja huwadhuru wote. Unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukitiwa maji na kimea cha wimbi, hutosha kutoa pombe. Asiwepo wa kuongeza spiriti ati iwe kali zaidi. Spiriti za viwandani huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mwaka wa 2000, kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi.

Msitumie pipa lililowahi kutiwa kemikali. Mnywaji akilalamika kwamba haoni vizuri, hata siku ya pili, mpelekeni hospitalini mara moja. Msimwache alale ati pombe imtoke.